Damu ya Kitongoji cha Juu

Inspekta Pyo Gwang-seon alikuwa na tumbo bovu na hakulificha. Asubuhi ile, kabla hata hajamwonyesha muuguzi kiti, alichukua chupa iliyokuwa dirishani, akamimina kidogo kwenye kikombe cha maji ya moto, akanywa huku amefumba macho.

"Afande, hiyo chupa umepewa na mjane wa marehemu," alisema Sajini Maeng. "Mwendesha mashtaka akiiona atasema umehongwa kwa maji ya plamu."

"Aje aonje. Tangu nianze kunywa hii sijanunua kidonge cha tumbo."

Maeng alikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi, na Pyo alikuwa amekwisha kata tamaa ya kumfunga breki. Maeng alicheka peke yake. Muuguzi Ok Su-rin hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti na mkoba wake mapajani, amevaa koti ambalo hakuwa na nia ya kulivua.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia na ngumu kuimeza. Timu ya chuo kikuu ilikuwa ikizunguka vijiji vya milimani kwa miaka, ikichukua damu za watu wazima ili kujua nani kati ya Wakorea anapata ugonjwa wa sukari, na kwa nini hata wembamba wanaupata. Mzee Yeom Gi-taek, mwenyekiti wa kijiji cha Wolcheon, alipimwa mara mbili, na mara zote mbili majibu yalisema ana sukari. Zahanati ikampa vidonge vya kuishusha. Kisha, katikati ya mavuno, alizama bwawani pamoja na pawatila yake, trekta dogo la mkono. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba fahamu zilimtoka kabla maji hayajamfikia, kwa sababu ya vile vidonge, na kwamba mwili ule haukuwahi kuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa ya sukari imemuua mtu asiye na sukari.

Mwendesha mashtaka alikuwa na maelezo yake tayari. Muuguzi amechanganya vichupa, kaandika jina la mzee Yeom kwenye damu ya mtu mwingine. Alitaka kumfungulia Ok mashtaka ya kuua kwa uzembe leo hii, kabla ofisi haijafungwa.

"Tuanze upya," Pyo alisema. "Siku ya damu. Gari lilianzia wapi?"

"Kitongoji cha Juu. Wote walikuwa wamekusanyika kwa mwenyekiti, wanatungoja. Wa Kitongoji cha Chini walikuja kwa miguu, ukumbi wa kijiji uko mlangoni kwao."

"Ukawauliza?"

"Mmoja mmoja. Umekula? Umekunywa pombe? Umevuta sigara? Umemeza dawa ya hospitali? Wote walisema hapana."

"Na ukawaamini."

"Inspekta, mwenyekiti mwenyewe alitangaza kwenye kipaza sauti, jioni yake na asubuhi tena: asile mtu. Alikuwa mkali kuliko sisi. Kuna bibi wa Chini alikutwa na kiazi kitamu mfukoni, akamrudisha nyumbani mbele ya watu wote."

"Maji je?"

"Maji tunawaruhusu. Ukimnyima mzee maji, mshipa unakimbia, utamchoma mpaka mlie wote wawili."

Pyo alitikisa kichwa. Alikuwa amemhoji mara nne, na mara zote nne majibu yalikuwa haya haya. Mwongo hubadilisha kidogo kila akirudia, lakini huyu hakubadilisha neno.

"Mama yangu hatoki nje," Ok alisema ghafla, bila kuulizwa. "Picha ya lile bango iko kwenye simu ya kila mtu. Hata kanisani wameiona."

Hakuna aliyehitaji kuuliza bango gani. Tangu mazishi, mjane wa Yeom alikuwa akisimama kila siku kwenye lango la mwendesha mashtaka, peke yake, mvua au jua, ameshika bango lililoandikwa kwa wino mweusi: MUUGUZI OK SU-RIN AMENIULIA MUME WANGU. Pyo alipita hapo jana yake. Bibi alikuwa amemwinamia kwa heshima bila kulishusha bango.

Simu ya mezani ililia. Maeng aliipokea, akasikiliza, akaandika, akaweka mkono kwenye mdomo wa simu.

"Maabara, Afande. Wamelinganisha damu iliyohifadhiwa chuoni kwa jina la Yeom na mwili wa Yeom." Akamtazama Ok. "Ni yake. Zote mbili. Hakuna kichupa kilichobadilishwa."

Ok alijifunika uso. Pyo akampa kitambaa na kumpigia mwendesha mashtaka hapo hapo. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo haikufika mwisho wa maongezi.

"Vizuri," ilisema sauti ya mwanamke upande wa pili. "Basi hakubadilisha, alitia kitu ndani. Profesa wa ile timu alikuwa na njaa ya namba kubwa, binti akampikia. Hiyo ni mbaya zaidi, Inspekta, hiyo si uzembe tena."

"Mama, huna ushahidi wa hilo."

"Nina maiti, na nina mjane langoni ambaye kila mwandishi wa habari anampiga picha. Niletee jina lingine kabla sijafunga ofisi, ama naandika hili nililonalo."

* * *

Profesa Tak Hyeong-mo aliwapokea akiwa amesimama, ishara ya mtu asiyetaka wageni wakae. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya Wolcheon, na kila nyumba imechomekwa pini, nyekundu kwa mwenye sukari. Kitongoji cha Chini kilikuwa na pini nyeupe, nyekundu moja hapa na nyingine pale. Kitongoji cha Juu chote kilikuwa chekundu.

Pyo aliikaribia ramani mpaka pua ikaigusa.

"Mto mmoja tu ndio unawatenganisha hawa," alisema. "Ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja, chakula kimoja, mashamba yale yale. Ndiyo maana inashangaza." Sauti ya profesa ilipata uhai. "Wazungu wananenepa kwanza ndipo wanaugua. Sisi Wakorea hatuhitaji kunenepa. Kongosho letu linachoka mapema, mtu anaweza kuwa mwembamba kama yule mwenyekiti na bado sukari ikampanda. Kitongoji cha Juu ni wembamba watupu. Nilikitafuta kijiji cha namna hiyo miaka mingi."

"Muuguzi angeacha vichupa juani, sukari ingepanda?"

"Ingeshuka. Damu ni kitu hai, inaendelea kula sukari yake hata ikiwa chupani."

"Na kama angetia sukari ndani?"

"Kwa njia gani? Vinakuja vimefungwa kutoka kiwandani, hewa imenyonywa. Ukikitoboa kabla, hakivuti damu tena. Vyote vilivuta." Alikunja uso. "Su-rin ni muuguzi wangu bora. Nimemwambia mwendesha mashtaka."

"Ulimwambia kwa sauti hii, au kwa ile ya ramani?"

Maeng alikohoa. Pyo aliigeuzia ramani mgongo.

"Nieleze kitu kimoja, polepole, maana mimi nilisoma sheria. Kila damu ya huyu mzee ilipimwa kwa vipimo viwili. Kimoja kinasema ana sukari. Kingine?"

"Cha kwanza kinapima sukari iliyomo kwenye damu asubuhi hiyo, mtu akiwa amefunga. Cha pili kinaangalia nyuma. Sukari ikizidi mwilini hujishika kwenye chembe nyekundu na kukaa nazo, kwa hiyo tunaona miezi mitatu iliyopita. Hicho huwezi kukidanganya kwa kufunga usiku mmoja."

"Na cha pili kilisemaje kuhusu Yeom?"

"Kawaida."

"Na wengine wa Juu?"

"Kawaida. Karibu wote."

"Kwa hiyo miezi mitatu hawana sukari, na asubuhi moja wote wanayo. Hukuliona hilo?"

"Niliona. Kutolingana ndiko kulikonivutia."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika makala."

Chini dirishani wanafunzi walikuwa wakipita na kahawa zao wakicheka, na Maeng aliwatazama ili asimtazame profesa.

"Majibu yalipelekwa zahanati," Pyo alisema. "Yote mawili?"

"Yote mawili yapo. La asubuhi limepigwa wino mwekundu kwa sababu limezidi. La pili liko chini yake, halikuzidi, halina wino." Tak alikaa, hatimaye. "Daktari wa zahanati ni kijana, ana vijiji sita. Aliangalia penye wino. Mimi sitoi dawa, Inspekta. Mimi natuma majibu."

"Ndiyo. Na yeye hapimi, yeye anasoma majibu. Na marehemu alimeza." Pyo alikuwa amekasirika na hakuona sababu ya kuficha. "Kama sukari haikuwepo miezi mitatu, na haikutiwa chupani, basi iliingia mwilini asubuhi ile."

"Haiwezekani. Walikuwa wamefunga. Imeandikwa."

"Imeandikwa kwamba walisema wamefunga. Wangapi kati yao bado wanameza vidonge?"

Profesa alivuta faili mezani, akaanza kuhesabu majina. Ilikuwa wazi hakuwahi kujiuliza.

* * *

"Wamekula, basi," Maeng alisema garini. Njia ilikuwa inapanda, na pande zote mbili za barabara watu walikuwa wakikata kabichi za kimchi, ile achari ya majira ya baridi. "Wazee wamekula, wakadanganya. Mama yangu mwenyewe akiambiwa asile kabla ya kipimo, anakula ndizi anasema ndizi ni tunda."

"Kitongoji kizima kidanganye neno moja, na cha pili kisidanganye? Na mwenyekiti anayemfukuza bibi kwa sababu ya kiazi?"

"Mwenyekiti anaweza kuwa mnafiki."

"Anaweza. Lakini alikuwa anameza kila kidonge alichoandikiwa. Mnafiki angeruka siku."

Walimkuta Mzee Guk shambani kwake, nyumba ya pili kutoka kwa marehemu. Alikuwa rafiki wa Yeom tangu utoto, mfupi, mkavu, kofia ya pamba imeshuka mpaka nyusi. Kisu cha kabichi kilikuwa mkononi.

"Polisi tena," alisema. "Na huyu binti mzuri tena. Umeshaolewa?"

"Bado, babu. Nangoja wewe uachike."

"Ha! Bibi yako kule jikoni atakusikia." Mzee alicheka, akainama, akakosa kabichi, kisu kikaingia udongoni. Alikitazama kana kwamba si chake. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mzee, uko sawa?" Pyo aliuliza.

"Mwite Gi-taek aje anisaidie kufunga hizi."

Maeng na Pyo wakatazamana. Gi-taek ndiye aliyekuwa kaburini.

"Mzee Guk. Leo umekula?"

"Daktari kasema... nipunguze wali." Maneno yalikuwa yanatoka yamelegea. "Kidonge nimemeza. Kidonge sikosi." Magoti yakamkatika, akakaa chini katikati ya kabichi. Maeng alikuwa ameshaanza kuita gari la wagonjwa. Mkono wa mzee ulikuwa unapapasa mfuko wa koti, unatetemeka, haupati kifungo. Pyo akaufungua yeye. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya plastiki. Mzee aliisogeza mdomoni, nusu ikamwagika kidevuni, nusu ikaingia.

Wakasubiri. Pyo alimshika bega na kuhesabu pumzi zake kimoyomoyo. Kidogo kidogo jasho likakauka. Rangi ikarudi mashavuni, kisha macho yakarudi, na mzee akamtazama Maeng kama mtu aliyekutwa amelala kwenye ibada.

"Nilisema kitu cha kijinga?"

"Hapana, babu," Maeng alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hunijia hivi siku hizi. Nikinywa hii, naamka. Ni dawa kuliko dawa."

Pyo aliinusa ile chupa. Hakuwa na haja ya kuinusa mara ya pili, maana harufu hiyo ilikuwa dirishani kwake.

"Ya Mama Chang-sik," alisema, kwa jina ambalo kijiji kilimwitia mjane wa Yeom.

"Nani mwingine? Plamu zake zina miaka mitatu mtungini. Huku Juu kila nyumba inayo chupa yake."

"Mzee, hii si sukari?"

Mzee Guk alimhurumia. "Wewe mtoto wa mjini. Plamu mbichi unazizika kwenye sukari, kilo kwa kilo, sawa. Lakini ikikaa, sukari inakufa. Inabaki dawa tu. Hilo mama yako hakukufundisha?"

Alikuwa amemfundisha. Mama yake Pyo alisema maneno hayo hayo, alimnywesha maji hayo hayo ya plamu tumbo likimuuma, na Pyo, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye shahada ya sheria, aliyaamini mpaka dakika hii hapa shambani. Sukari haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imemnyanyua mzee kutoka ardhini mbele ya macho yake.

Alichuchumaa.

"Asubuhi ya damu mlikuwa kwa mwenyekiti, mnangoja gari. Niambie mlivyokaa."

"Tulikaa sakafuni, pale moto unapopita chini ya sakafu. Ilikuwa baridi. Gi-taek anazunguka anafoka, asile mtu, asile mtu."

"Mama Chang-sik je?"

"Alituonea huruma. Alituletea bakuli moja moja, ya moto."

"Ya hii."

"Ya hii. Tumbo tupu na baridi ile, ungefanyaje?"

"Na Mzee Yeom?"

"Ndiye wa kwanza. Mwenye nyumba anakunywa kwanza, au kwenu wanaanza wageni?"

"Mara zote mbili walipokuja wale wa chuo?"

"Kila mara."

"Na muuguzi akawauliza kama mmekula."

"Tukamwambia hatujala." Mzee alinyoosha mgongo, ameudhika. "Tusimseme vibaya marehemu. Hakuna mtu wa Juu aliyekula. Tuliahidi na tulifunga. Hii si chakula."

Pyo aliinuka. Alimwambia Maeng asubiri gari la wagonjwa, apite kila nyumba ya Juu, achukue vidonge, ampigie daktari wa zahanati na akikataa kupokea ampigie mkubwa wake.

"Nyumba nyingi ziko tupu, Afande, watu wako mashambani."

"Kipaza sauti cha kijiji kiko ukumbini. Tumia hicho."

Maeng hakuondoka. Alikuwa anapiga kiatu kwenye udongo.

"Afande. Tunaweza kusema mashine ilikosea. Mashine haina mama, wala haina mume. Ok anaachiwa, na yule bibi..." Akamalizia kwa mkono, akionyesha paa la bluu lililo nyumba mbili mbele.

"Tukisema mashine, wataleta mashine mpya. Watapanga siku nyingine ya damu. Nani atachemsha maji?"

Maeng aliangalia kabichi.

"Nenda kwenye kipaza sauti," Pyo alisema.

* * *

Alivua viatu mlangoni. Mama Chang-sik alikuwa jikoni, amekaa chini, mikono imezama kwenye chumvi na kabichi mpaka viwiko. Chang-sik, mwanawe, alikuwa mjini Busan na alipiga simu siku za Jumapili. Bango lilikuwa limeegemea ukutani karibu na viatu, limefungwa nailoni ili lisilowe.

"Karibu mwanangu, kaa pale penye joto. Leo sikwenda langoni, kabichi hazingoji. Kesho nakwenda." Alijifuta mikono, na kabla Pyo hajasema lolote birika lilikuwa motoni na shira ya plamu imekwisha mwagwa kwenye kikombe. "Tumbo lako linaendeleaje?"

"Limepoa, bibi."

"Si nilikwambia? Kunywa." Alikaa mbele yake. "Yule binti ameungama?"

Pyo alishika kikombe kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka anapokupa mkubwa. Hakukinyanyua.

"Bibi, siku wale wa chuo walipokuja, watu wa Juu walingoja hapa kwako."

"Hapa hapa. Walijaa mpaka barazani."

"Uliwapa kitu?"

"Kuwapa nini? Baba Chang-sik angenifukuza. Hata punje ya wali." Alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Nilimpa kila mtu hii tu. Wazee wale, tumbo tupu, baridi imewakunja, nitawaacha hivi hivi?"

"Na mzee."

"Yeye nilimpa bakuli kubwa. Alikuwa na tumbo baridi tangu ujana. Kama lako."

Nje, juu ya mapaa, kipaza sauti kilikwaruza. Mama Chang-sik aliruka kidogo. Hakikuwa kimesema neno tangu mumewe azikwe. Sauti ya msichana ikatoka, ikagonga mlima na kurudi.

"Watu wa Kitongoji cha Juu! Hii ni polisi. Wote mliopewa vidonge vya sukari, msimeze tena. Narudia, msimeze. Hamna ugonjwa wa sukari. Majibu yalikosewa. Anayehisi kutetemeka au kutoka jasho, anywe kitu kitamu haraka. Maji ya plamu yanafaa, yana sukari nyingi. Narudia. Maji ya plamu yana sukari nyingi."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kwa umakini aliokuwa akiyapa matangazo ya mumewe. Tangazo likaanza tena tangu mwanzo.

"Anasema uongo yule," alisema. "Sukari hufa."

"Haifi, bibi. Mimi pia nilidhani inakufa."

"Miaka mitatu mtungini."

"Hata ikae kumi."

Alitazama kikombe mikononi mwa Pyo. Kisha akatazama birika. Pyo alikuwa amekwisha waambia watu habari za vifo katika nyumba nyingi, na hakuna aliyewahi kuifikia habari polepole hivi, hatua kwa hatua, bila msaada wake.

"Walichukua damu," alisema bibi, "baada ya kunywa."

"Ndiyo."

"Ikaonekana tamu."

"Ndiyo, bibi."

"Wakampa dawa ya kuondoa kitu ambacho hana. Daktari alisema apunguze wali, nikampunguzia. Alikuwa anasema ana njaa. Nikamwambia vumilia."

Pyo alitaka kusema kwamba kulikuwa na kipimo cha pili, kwamba profesa aliona akanyamaza, kwamba daktari aliangalia penye wino tu. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, akamwambia na majina. Mama Chang-sik alimsikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyosikiliza habari za mji wa mbali.

"Mwanangu," alimkatiza. "Ulipokuja mara ya kwanza ulikunywa vikombe viwili. Ilikuwa tamu?"

Angeweza kudanganya.

"Tamu sana, bibi."

"Mimi siusikii tena utamu wake. Nimeizoea." Alimpokonya kikombe taratibu, akakimwaga kwenye beseni la kabichi, akakifuta. "Yule binti ana mama?"

"Anaye. Hatoki nje."

Bibi aliinuka kwa kushika goti. Alikwenda mlangoni, akafungua nailoni, akalilaza bango kwenye sakafu yenye joto. Kwenye rafu kando ya mlango kulikuwa na kalamu nene nyeusi. Alimkabidhi Pyo.

"Mwandiko wangu si mzuri. Futa jina lake, uandike langu."

"Bibi, hakuna kesi juu yako. Hakuna sheria inayokushika. Nitamwambia mwendesha mashtaka sasa hivi, binti ataachiwa, mambo yataisha."

"Nilisimama pale mbele ya watu wote. Nitasimama tena mbele ya watu wote."

"Siwezi kuandika hilo."

"Hulijui jina langu, ndiyo maana." Alisema bila hasira. "Tangu niolewe hapa ni Mama Chang-sik, Mama Chang-sik. Hata yeye aliniita hivyo. Naitwa Ban Sun-deok."

Pyo alibaki na kalamu mkononi. Kipaza sauti kilikuwa kinarudia mara ya tatu. Mama Chang-sik alingoja kiasi cha kumpa mgeni nafasi ya kubadili mawazo, kisha akaichukua kalamu, akapiga magoti juu ya bango, akakata cheo na jina la muuguzi kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaanza kuandika lake, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeliandika mara chache maishani.

Maneno yaliyobaki hakuyagusa. AMENIULIA MUME WANGU.